Sifa Chini ya Gundi

Watu wengine huhangaika maisha yao yote kutafuta sifa. Mimi niliipika chunguni, nyuma ya nyumba, huko Diani, ikinuka mpaka mbuzi wa jirani wakabadilisha njia.

Nasema ile sifa ya ini la papa. Ini hukatwakatwa likachemshwa kwa moto wa makumbi ya nazi, likatoa mafuta mazito ya rangi ya chai, na mafuta hayo ndiyo yanayopakwa vyombo ili mbao zisinywe maji wala kuliwa na wadudu wa baharini. Manahodha wa Msambweni walikuja kuyanunua kwangu kwa madebe. Walikuwa wakiziba pua kwa kanga za wake zao huku wakinisifu, na mimi nikiwaambia wasifu kwa pua wazi au wasisifu kabisa.

Kazi hiyo nilifundishwa na mavyaa, mama yake mume wangu. Mimi ni mtu wa Kikoneni, wa mihogo na mahindi, nikaolewa pwani siku zile bendera ilipokuwa mpya na kila mtu akizungumza kana kwamba hata mvua itanyesha kwa amri yetu. Bahari nilikuwa naiogopa na sioni haya kusema. Mavyaa alinicheka, akanipa mwiko. Tulitofautiana jambo moja tu. Mimi nilipaka sifa kwa kitita cha makumbi ili mikono isinuke; yeye alipaka kwa kiganja kitupu, taratibu, kwa kuzungusha, kama anayempaka mafuta mtoto mchanga. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kiliwahi kuungua kwa sifa inayochemka, kikabaki kimepinda, hakilali na wenzake.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi na madau, na milango pale vyombo vilipokosa wateja. Mtu wa maneno machache na ubishi mwingi. Siku hizo vyombo vilikosa wateja mara kwa mara, naye alikuwa ameanza kuzungumzia kwenda Mombasa kutafuta kibarua bandarini. Sikutaka aende. Nilikwisha kuwaona wanawake ambao waume zao walikwenda mara moja tu.

Ndipo akaja mwenye hoteli. Alikuwa Mwingereza wa makamo, mmoja wa wale waliokuwa hawajaamua kama watabaki au watauza waondoke kama wenzao. Alisimamisha gari mbele ya baraza yetu, na juu yake amefunga kitu cheupe kilichokatika vipande viwili. Nikadhani ni mlango wa friji.

"Fundi," akasema, "hii natoka Saut Afrika. Sasa serikali yenu nakataa mali ya kule. Ya Ulaya, bei yake kama mashua mzima. Na huu mwamba yenu iko navunja tu, kila mwaka iko navunja."

Kilikuwa ubao wa kupandia mawimbi. Wageni wake walitoka nao mpaka nje ya mwamba, mahali mawimbi yanapoinuka, wakalala juu yake kifudifudi, wimbi likija wakasimama na kuteleza nalo. Sisi tulikuwa tumewaona kwa mbali na kila mmoja alikuwa na maoni yake juu ya malezi waliyopata. Mume wangu alikitwaa kipande kimoja akakigeuzageuza. Nje palikuwa na ngozi ngumu, nyembamba, inayong'aa. Ndani palijaa povu lililokauka. Mavyaa akalibonyeza kwa kile kidole kilichopinda, likabonyea.

"Mkate," akasema, akarudi jikoni.

Mapatano yalikuwa haya. Mume wangu atengeneze ubao mmoja kwa mti wa hapa. Ukipita nje ya mwamba na kurudi mzima, mwenye hoteli ataagiza wa hoteli yake yote, na atawaambia wenzake wa ufuo ule wafanye vivyo hivyo. Jioni ile mume wangu hakutaja Mombasa.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilizungumza mbao tu. Mvule, alisema, ungewazika wajukuu wa mwenye hoteli kabla haujaoza, ila wangehitajika watu wawili kuubeba, na wenye makochi Mombasa walikuwa wameupandisha bei hadi mtu unasalimia kwanza ndipo unauliza. Mbambakofi nao ukiudondosha majini unauaga kabisa. Mwembe ulikuwa rahisi, kila ua una mmoja uliochoka kuzaa, lakini uzito wake ulikuwa wa katikati na wadudu wanaupenda. Palibaki msufi. Msufi ni mwepesi, unachongeka kama muhogo, na hakuna anayeutaka, kwa hiyo unapewa nusu kwa bei na nusu kwa shukrani. Kasoro yake ni moja: hunywa maji kama mlevi, na ukishalewa unaoza.

"Rahisi ni ghali," nikamwambia.

"Na ghali hatuna," akanijibu.

Mwishowe akaunganisha: mwili wa msufi, katikati uti wa mgongo wa mvule mwembamba ili usivunjike, na juu yake ngozi ile ile ya wazungu. Ngozi hiyo mwenye hoteli alikuwa nayo, masalio ya kutengenezea mashua yake. Kilikuwa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, laini kwa macho kama shashi na chenye kuwasha kama upupu, pamoja na mkebe wa gundi inayotiwa matone ya dawa ikaganda kuwa jiwe. Kitambaa kilitosha ubao mmoja tu. Kikiharibika hapakuwa na kingine, na kukiagiza kungekula faida ya mbao zote zilizotarajiwa.

"Na fundi, sikia," mwenye hoteli alisema akiwa ameinua kidole. "Mti iwe kavu kabisa. Hapana mafuta. Mafuta kidogo tu, gundi nakataa kushika."

Mume wangu aliyachukua maneno hayo kama aya. Akaning'iniza gunia mlangoni mwa banda lake, akaniambia nisikanyage humo mpaka kazi iishe, kwa kuwa mimi na sifa ni kitu kimoja. Nilikasirika sana. Mikono iliyomlisha wakati vyombo havina wateja sasa ilikuwa najisi mbele ya kipande cha msufi! Nilimpikia wali mkavu kwa siku kadhaa, bila mchuzi, nikamwambia nachelea mafuta.

Hakunikataza kuchungulia, hata hivyo. Ubao ulipokwisha kupigwa randa ulilazwa juu ya vigogo viwili, mweupe, umechongoka mbele, urefu wa mtu mzima na kichwa chake. Mavyaa alikuja akasimama nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Mwanangu," akamwita mume wangu, "ubao huu utaupaka sifa lini?"

"Hauna haja, mama. Utavaa kioo."

"Chombo hakishuki majini kikavu."

"Hiki ni chombo cha aina nyingine."

"Ubao mkavu wa urefu wa mtu," mavyaa akasema, "kazi yake mimi naijua. Nimewapa wanaume wangu wawili."

Alimaanisha kiunza, ule ubao unaoegemezwa ndani ya kaburi ili udongo usimwangukie maiti. Kiunza hakipakwi kitu. Huingia ardhini kikavu kikaoza na mwenyewe. Mume wangu alicheka, akamwambia mama asimwage mchuzi na nazi haijakunwa. Nami nilicheka, lakini tangu aliposema hivyo sikuweza tena kuutazama ubao ule nikaona kitu kingine.

Siku ya kuuvisha kioo mume wangu aliondoka asubuhi kwenda hotelini kuchukua mkebe wa gundi. Aliporudi aliuona mti umeiva rangi kidogo, akasema ni umande wa alfajiri, akautoa juani mpaka uso wake ukakauka ukawa kama jana. Kisha akatandaza kitambaa, akamimina gundi, akaisambaza kwa kipande cha bati haraka haraka kabla haijaganda. Harufu ya gundi ilitutoa machozi sote mpaka kuku. Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje hakuna aliyenusa kitu kingine. Jawabu ni kwamba nyumba inayopika sifa haina pua.

Ubao ulitoka mzuri kupita kiasi. Chini ya kile kioo msufi ulionekana kama maziwa, na uti wa mvule ukapita katikati kama mstari wa kalamu. Watu walikuja kuutazama. Mimi mwenyewe, na hasira zangu, niliupitishia mkono nikajivunia mume.

Ikabaki kuujaribu. Mwenye hoteli bega lake lilikuwa bovu, akasema atampa mgeni mmoja kijana. Mume wangu akakataa. Barazani alinieleza kwa sauti ya chini: "Mgeni akifa juu ya ubao wangu, nitaozea jela, hata kama bendera ni yetu. Nikifa mimi ni ajali." Utotoni alikuwa amecheza na vipande vya mbao mawimbini kama watoto wote wa pwani, na siku za karibuni alijifunza kwa ubao wa mgeni mmoja kwenye maji ya ndani, yaliyo kimya, hata akaweza kusimama. Lakini maji ya ndani ni bakuli. Nje ya mwamba ni kitu kingine, na siku ile bamvua lilikuwa limeijaza bahari, mngurumo wake tukiusikia tangu kitandani.

Alikunywa chai, akambusu mama yake mkono, akaenda na ubao kichwani. Mimi sikumfuata. Nilisema nina kazi, na kweli nahodha mmoja wa Msambweni alikuwa amesimama uani anangoja debe lake. Nikalifunua. Lilikuwa limepungua kiasi cha kopo kubwa, na nililijaza mwenyewe hadi shingoni, nakumbuka, kwa sababu lilinimwagikia mguuni.

"Nani amegusa sifa yangu?" nikauliza kwa sauti ya kutafuta mwizi.

Mavyaa alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Nimempa mwanangu," akasema.

"Ya nini, mama? Hana chombo cha kupaka."

"Anacho. Siku ile alipokwenda kufuata gundi. Nimempaka ubao wake wote, chini na juu, umekunywa ukashiba. Sasa ni chombo." Akapeta mchele. "Kiunza hakipakwi sifa."

Sijui nahodha alilipa au hakulipa. Nilikuwa nimekwisha kutoka.

Kutoka kwetu hadi ufukweni si mbali, lakini mchanga humshika mtu miguu. Njiani nilikuwa nikimlaani mavyaa kwa kila tusi la Kikoneni, kisha namwomba Mungu asinisikie, kisha namlaani tena. Nilijua jambo moja tu, lile la kidole alichoinua mwenye hoteli: gundi itakataa kushika. Kwa hiyo ngozi ile iliyong'aa haikuwa imeshikamana na mti. Ilikuwa imeuvaa tu, kama mto unavyovaa foronya, na wimbi la kwanza lenye nguvu lingeivua mume wangu akiwa juu yake.

Nilipofika, wageni walikuwa wamekaa kwenye viti vya turubai kama walioalikwa harusini. Mwenye hoteli alisimama mbele yao na darubini. Mbali, nje ya mstari mweupe wa mwamba, nikaona nukta nyeusi inapanda na kushuka.

"Bwana! Mwite arudi!" nikapiga kelele. "Ubao una sifa! Ubao una sifa!"

Alishusha darubini akanitazama, uso wote ukamchanua. "Ndio, mama!" akasema. "Sifa mingi! Sifa mingi sana!" Akawageukia wageni akawaambia kwa lugha yao, nao wakanipigia makofi.

Nilidhani nitazimia kwa hasira. "Sifa, bwana, sifa! Chini ya gundi! Imepakwa!" Nikamgeukia mtumishi wa hoteli aliyeshika sinia. Naye alikuwa kijana wa Taru, kwa watu wa ng'ombe, na sifa aliyoijua ni ile ya kusifiwa. Akanipongeza. Nikamsukumizia kiganja changu puani: "Nusa! Nusa sifa!" Akarudi nyuma, glasi zikamwagika, na mwenye hoteli akakunja uso sasa, akidhani mke wa fundi ameingiwa na wazimu wa furaha.

Upande wa chini, mzee mmoja alikuwa amepiga magoti kando ya mtumbwi anashona dema, mtego wa samaki. Alikuwa mteja wangu wa miaka yote. Aliinua kichwa.

"Umesema sifa chini ya ile gundi yao?"

"Ndiyo, baba!"

"Na yuko nje ya mwamba?"

Hakungoja jibu. Akautupa mtego, akausukuma mtumbwi. Na mimi, niliyekuwa sijawahi kutia mguu katika chombo, nilijikuta nimo ndani, nimeshika upo na nateka maji yanayoingia, nalia na kuteka, nateka na kulia. Mzee akaniambia nichague moja.

Tulikuwa katikati ya maji ya ndani aliposimama. Nilimwona wazi, mwembamba, mikono ameitandaza, wimbi limemwinua juu kama trei. Alikuja nalo upesi kuliko nilivyowahi kuona kitu kikija. Kwa muda mfupi nilimsahau mavyaa, nikasahau sifa, nikaona tu kwamba ni mzuri na ni wangu. Huko nyuma makofi yalisikika. Wimbi hilo likamwishia vizuri, akageuka, akapiga mikono kurudi nje kutafuta la pili.

"Rudi!" nikapiga kelele. Mwamba ukanguruma, sauti yangu mwenyewe sikuisikia.

La pili lilikuwa kubwa. Alisimama, na hapo nikaona mbele ya ubao kitu kinainuka, cheupe, kinapepea. Ngozi ilikuwa inafunuka kama ganda la ndizi. Ilimpiga miguuni, ikamzunguka mkono, akaanguka nayo, na wimbi likawafunika wote. Ubao ukaruka juu peke yake, upande mmoja uchi. Kisha ukashuka. Mume wangu hakuonekana.

Nisiseme muda gani. Mzee aliacha kupiga kafi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba mtu aliyezaliwa majini ameacha kupiga kafi akawa anatazama tu. Nilikuwa nimeanza kusema maneno ya msiba kinywani mwangu. Halafu ukatokea mkono, ukaushika ubao kwa ule upande ulio uchi, na kichwa kikafuata, na wimbi lililokuja nyuma likawaokota pamoja likawavusha juu ya mwamba, likawatupa katika maji ya ndani karibu nasi.

Tulipomfikia alikuwa amelala juu ya msufi, kifua kimechanika, mgongo umekwanguliwa na mwamba. Ile ngozi ya kioo ilikuwa bado imemfunga kifundo cha mkono kwa nyuzi zake, zimemkata mpaka ndani. Mti ulikuwa unaelea mwepesi, maji yanateleza juu yake kwa matone, hayaingii. Nilinyoosha mikono kumvuta. Akavuta pumzi, na pumzi ile ya kwanza ilimletea harufu, maana maji ya chumvi yalikuwa yamemfungua pua.

"Sifa," akasema. Akanitazama. "Ni wewe. Umetaka kuniua."

Alisema hivyo mbele ya mzee, na alirudia ufukweni mbele ya wote. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nani hupika sifa katika nyumba ile? Nani alizuiwa bandani akanuna? Mwenye hoteli aliipapasa ile ngozi kwa ndani, akanusa vidole vyake, akatikisa kichwa. "Mafuta," akasema, bila ukali, na hapo kazi ikaisha. Kitambaa kingine hakikuwepo. Baadaye aliagiza mbao za povu kutoka Ulaya, kwa bei ile ile ya mashua, na mwamba ukaendelea kuzivunja kila mwaka.

Mimi sikujitetea. Msidhani nilinyamaza kwa wema, nilinyamaza kwa hasira. Nilisema moyoni, mtu niliyemfuata majini nisiyoyajua, nikamtekea maji kwa upo, kama anaona nilitaka kumuua basi na aone hivyo.

Nyumbani mavyaa alimpokea mlangoni, akamshika uso, akaona damu, akamwosha. Hakushtuka wala hakujificha. Aliniuliza kando kwa nini nimevimba uso. "Si amerudi?" akasema. "Amerudi, hakurudi?" Kwake yeye hesabu ilikuwa imekwisha.

Wapo waliosema baadaye kwamba bila ile sifa ngozi isingebanduka na mume wangu asingeanguka. Wazee wa vyombo walisema bila ile sifa msufi mtupu ungelewa maji pale pale, asipate cha kushika. Nimewasikiliza wote. Wote wanasema kweli, na kweli hizo mbili sijawahi kuzipatanisha.

Siku iliyofuata mume wangu alikaa barazani, mkono umefungwa, akaitandaza ile ngozi ya kioo magotini. Alikuwa anatafuta kosa, kama fundi yeyote. Akaiinua dhidi ya jua. Mimi nilikuwa nafagia, nikaona uso wake unabadilika, nikasogea. Upande wa ndani, pale gundi ilipolala juu ya mafuta, ilikuwa imechukua alama zote na kugandisha. Hakukuwa na mikwaruzo ya makumbi popote. Kulikuwa na mizunguko ya kiganja, mmoja baada ya mwingine, kutoka kichwa hadi mkia, na pembeni mwa kila mzunguko mstari mmoja uliokwenda kombo, wa kidole kisicholala na wenzake.

Tuliutazama pamoja. Nilingoja. Akaikunja ile ngozi, akainuka, akaenda jikoni alikokuwa mama yake.

"Shikamoo, mama," akasema, ingawa walikwisha kuamkiana asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Mkono vipi?"

"Unapoa."

Basi. Ngozi aliizika nyuma ya banda. Kwangu hakusema kitu, ila wiki ile alikwenda mwenyewe kwa wavuvi akarudi na ini la papa begani, mafuta yakimchuruzika mgongoni, akakaa akakoroga chungu kwa mkono mzima mpaka likaiva. Nikamrudishia mchuzi. Mombasa alikwenda mwezi uliofuata, akawa anakuja na kurudi miaka mingi, nami nikabaki na mavyaa, na jina nililopewa pale mtaani: mpika sifa aliyetaka kumuua mumewe. Walilisema kwa utani, na utani ukikaa miaka hugeuka kuwa cheo. Hakuna aliyewahi kuwasahihisha. Nilimpenda mavyaa, na kwa jambo hilo sikumsamehe, wala yeye sijaona kama alijua kuna cha kusamehewa.

Ule msufi wenyewe mume wangu aliuweka juu darini, jikoni, ukala moshi. Haukuoza wala haukutobolewa na mdudu.

Mavyaa alifariki katika masika, mvua imekaza, njia ya Kombani imekatika. Wanaume wa mtaa walijaa uani kupanga maziko, wengi wao wale wale waliokuwa ufukweni. Viunza vilikosekana, mbao zote za jirani zilikuwa zimelowa. Mzee mmoja, si yule wa mtumbwi, akachungulia jikoni nilipokuwa natia ubani katika chetezo. Akaangalia juu.

"Si ule pale?" akasema. "Mkavu, na urefu ni wake."

Mume wangu alikuja akasimama mlangoni. Aliuangalia ule ubao, kisha akaniangalia mimi, muda mrefu kuliko alivyoniangalia tangu siku ile ya mtumbwi.

"Ule si wa kaburi," akawaambia, kwa sauti ya kusikika uani kote. "Ule ni chombo. Ulipakwa sifa, na aliyeupaka ni mama."

Wanaume wakageuka wakanitazama. Makaa ya chetezo yalikuwa yanataka kuzima, nikainama nikayapuliza.